MFUPA WA ISHANGO: ELIMU TATU MBELE YA SWALI MOJA

0. Utangulizi

Katika vyuo vikuu vyetu husikika mara nyingi usemi huu: hisabati ilizaliwa Kongo, ukingoni mwa Ziwa Edward, na ushahidi wake ni mfupa uliochimbuliwa Ishango. Wanafunzi husema hivyo kwa fahari, waalimu hulitaja jambo hilo katika somo la kwanza la mwaka, na wasemaji hulirudia siku za sherehe. Lakini mwanafunzi akiuliza: "Tumejuaje?", jibu huwa adimu. Mwalimu wa hisabati humtuma kwa mwalimu wa historia. Yule wa historia humtuma kwa mwalimu wa jiolojia. Naye wa jiolojia humrudisha kwa mwenzake wa hisabati. Mwishowe mwanafunzi huchoka, akaishika fahari bila sababu zake, au akaitupa kwa kudhani kwamba haina sababu yoyote.

Makala hii haikusudii kuitetea fahari hiyo wala kuibomoa. Shabaha yake ni kueleza kwa utaratibu namna elimu za aina tatu, yaani sayansi asilia, hisabati na sayansi jamii, zilivyoukabili mfupa huo mmoja. Tutaona kwamba hakuna hata moja kati yake inayoweza kulijibu swali peke yake, na kwamba kila moja, isiposahihishwa na wenzake, huelekea kupotea. Elimu ya lugha, ambayo ndiyo kazi ya jarida hili, ina sehemu yake pia katika jambo hili, ingawa pengine si sehemu ile ambayo msomaji anaitazamia.

1. Mahali na kitu chenyewe

Ishango ni mahali ambapo mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward na kuanza safari ya kuelekea Ziwa Albert, ambako maji yake huungana na yale ya Nili. Mahali hapo pako katika Kivu ya Kaskazini, ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambayo iliundwa mwaka wa 1925. Mwaka wa 1950 mtaalamu wa jiolojia wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba hapo, akakuta tabaka za ardhi zenye mabaki ya watu waliokaa kando ya maji: mifupa ya samaki na ya wanyama, vipande vya mawe yaliyochongwa, mifupa ya watu wenyewe, na vyusa vya mfupa vyenye miiba ya kumzuia samaki asichomoke.

Kati ya vitu hivyo kulikuwa na kipande cha mfupa chenye urefu wa sentimita 10 hivi, rangi yake ya kahawia iliyokolea. Katika ncha yake moja kumepachikwa kipande kidogo cha jiwe gumu la kwatsi, ambalo huenda lilitumika kwa kuchora au kukwaruza. Mfupa umekwanguliwa na kulainishwa kiasi kwamba hata mnyama aliyeutoa hajulikani kwa hakika. Leo umehifadhiwa Bruxelles, katika taasisi ya kifalme ya sayansi asilia ya Ubelgiji. De Heinzelin alitangaza matokeo ya uchimbaji wake katika kitabu cha mwaka wa 1957, kisha akayafikisha kwa wasomaji wengi zaidi kwa makala yake ya mwaka wa 1962 katika jarida la Marekani liitwalo Scientific American.

Kilichoupa mfupa huu sifa ni mikato midogo iliyokatwa ubavuni mwake, imepangwa kwa mafungu, nayo mafungu yamepangwa kwa safu tatu. Hesabu ya mikato ya kila fungu ni hii:

Safu ya kwanza: 11, 13, 17, 19.
Safu ya pili: 11, 21, 19, 9.
Safu ya kati: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7.

Jumla ya safu ya kwanza ni 60, ya safu ya pili ni 60 vilevile, na ya safu ya kati ni 48. Mikato yote pamoja ni 168. Ni lazima tuongeze mara moja kwamba kusoma mfupa wa kale si sawa na kusoma kitabu. Palipochakaa pana shaka: fungu tulilolihesabu kuwa 10 katika safu ya kati, wengine wamelisoma kuwa 9. Msomaji aiweke shaka hiyo ndogo akilini, kwa maana mkato mmoja tu ukiongezwa au ukipunguzwa, nadharia nzima yaweza kuyumba.

2. Sayansi asilia: umri wa mfupa

Swali la kwanza ni la umri, nalo ni la sayansi asilia. De Heinzelin alikadiria kwamba watu wa Ishango waliishi kati ya mwaka wa 9000 na mwaka wa 6500 kabla ya Kristo. Utafiti uliofanywa upya mahali hapo katika miaka ya 1980, ambao Alison Brooks wa Marekani alikuwa mmoja wa viongozi wake, uliurudisha umri huo nyuma sana, hadi miaka 20,000 na zaidi. Tofauti kubwa namna hiyo ilitoka wapi? Ili kuielewa yatupasa kueleza kwa ufupi namna kaboni inavyotumika kama saa.

Kila kiumbe, akiwa hai, hupokea kaboni kutoka hewani, majini au katika chakula chake. Sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya aina iitwayo kaboni 14, ambayo huoza polepole. Kiumbe akifa hapokei tena, na kaboni 14 iliyomo ndani yake huendelea kupungua: baada ya miaka 5,730 hubaki nusu, baada ya miaka mingine 5,730 hubaki nusu ya nusu, yaani robo, na kadhalika. Mtu akipima kilichobaki, aweza kukokotoa muda uliopita. Njia hii ilibuniwa na Willard Libby na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1940, nayo ikampatia Libby tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1960.

Saa hiyo, hata hivyo, yaamini jambo moja: kwamba kiumbe alipokuwa hai alikuwa na kiasi cha kawaida cha kaboni 14. Eneo la Ziwa Edward ni eneo la volkano. Gesi inayotoka katika volkano ina kaboni ya zamani mno, isiyo na kaboni 14 hata kidogo. Gesi hiyo ikiingia katika maji ya ziwa, konokono wa majini hujenga kombe lake kwa kaboni ambayo tayari ni "kuukuu", na anapokufa leo hii, saa yake husema kwamba alikufa zamani. Makombe ya Ishango yalipopimwa mara ya kwanza, yalitoa umri mkubwa kuliko aliouamini de Heinzelin. Naye, akihofia udanganyifu huo wa volkano, aliuweka kando.

Hofu yake ilikuwa na msingi, lakini ilihitaji kupimwa kwa hesabu. Tuchukue mfano. Tuseme kombe lina miaka 10,000 ya kweli, lakini saa inatangaza miaka 20,000. Miaka 10,000 iliyozidi ni nusu-maisha moja na robo tatu hivi ya kaboni 14. Ili kosa kubwa kiasi hicho litokee, takriban sehemu 7 katika kila 10 za kaboni ya maji yale zingepaswa kutoka katika volkano. Hilo si jambo la kuaminiwa wala kukataliwa kwa kukisia tu: mtu aweza kuwapima konokono walio hai ziwani leo, akaona saa yao imekosea kwa miaka mingapi, kisha akarudi kwa makombe ya kale akiwa na kipimo mkononi. Hapa basi kemia inahitaji jiolojia, na zote mbili zinahitaji hesabu.

Umri huo ukibadilika, na mengine hubadilika. De Heinzelin alikuwa amegundua kwamba vyusa vya tabaka za chini za Ishango vina safu mbili za miiba, na vile vya juu vina safu moja. Alipovilinganisha na vyusa vilivyopatikana Khartoum na kwingineko kaskazini, alifikiri kwamba ufundi huo ulisafiri kutoka Ishango ukifuata Nili, na kwamba pengine maarifa ya namba yalisafiri pamoja nao hadi Misri. Kwa umri wa kwanza safari hiyo iliwezekana, kwa kuwa nyakati zilikaribiana. Kwa umri mpya, kati ya Ishango na wavuvi wa kale wa Khartoum kuna pengo la miaka elfu kumi hivi. Daraja lililojengwa na mwanahistoria lilisimama juu ya nguzo ya mwanakemia; nguzo ilipohamishwa, daraja halikuweza kubaki kama lilivyokuwa.

3. Hisabati: mpangilio na bahati

Swali la pili ni la hisabati: je, namba hizi zimepangwa kwa maarifa, au ni bahati tu?

De Heinzelin aliona mambo matatu. Kwanza, safu ya kati yaonyesha kuzidisha kwa mbili: 3 na 6, 4 na 8, kisha 10 na 5. Pili, safu ya pili yaonekana kujengwa juu ya kumi: 11 ni 10 na 1, 21 ni 20 na 1, 19 ni 20 kasoro 1, na 9 ni 10 kasoro 1. Tatu, safu ya kwanza ina namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, yaani namba ambazo hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Jambo hili la tatu ndilo lililowashangaza watu zaidi, kwa sababu maandishi ya kwanza yanayofundisha namba tasa kwa wazi ni ya Wagiriki, maelfu mengi ya miaka baadaye.

Tuanze na zile jumla mbili za 60, ambazo mara nyingi hutolewa kama ushahidi mwingine tena. Safu ya pili ikiwa ni 10+1, 20+1, 20–1 na 10–1, yale ya kuongeza na ya kupunguza hufutana, hubaki 10, 20, 20 na 10, ambayo lazima iwe 60. Safu ya kwanza nayo yaweza kusomwa vingine: 11 ni 12 kasoro 1, 13 ni 12 na 1, 17 ni 18 kasoro 1, 19 ni 18 na 1. Tena moja hufuta moja, hubaki 12, 12, 18 na 18, ambayo ni 60. Vladimir Pletser na Dirk Huylebrouck ndio waliosisitiza, mwaka wa 1999, usomaji huu unaojengwa juu ya 6 na 12. Tunalotaka kuonyesha ni hili: mtu akishaukubali mmojawapo wa mipangilio hiyo, jumla ya 60 hufuata yenyewe. Haiwezi kuhesabiwa mara ya pili kama shahidi mpya. Shahidi mmoja akivaa kanzu mbili, hawi mashahidi wawili.

Sasa twende kwa namba tasa. Tuulize: mtu asiyejua lolote kuhusu namba tasa, aliyekata tu mafungu manne yenye hesabu tofauti kati ya 10 na 20, angezipata hizo kwa bahati mara ngapi? Namba kati ya 10 na 20 ni tisa, kutoka 11 hadi 19. Njia za kuchagua nne katika tisa, bila kujali utaratibu, ni 126. Njia moja tu ndiyo inayotoa 11, 13, 17 na 19. Bahati ya 1 kwa 126 ni ndogo, na mtu aweza kusema: tazameni, hii si bahati.

Lakini tuutazame mfupa tena. Namba zote nne za safu ya kwanza ni witiri, ni kusema hazigawanyiki kwa mbili. Na zile nne za safu ya pili, 11, 21, 19 na 9, ni witiri pia. Pengine basi mchongaji, kwa sababu yake mwenyewe, alipenda namba witiri. Ikiwa ni hivyo, swali hubadilika. Kati ya 10 na 20 namba witiri ni tano tu: 11, 13, 15, 17, 19. Kuchagua nne kati ya hizo tano ni sawa na kuiacha moja. Na ukiiacha 15, umepata namba tasa zote bila kuzijua. Bahati si tena 1 kwa 126, bali 1 kwa 5.

Hesabu zote mbili ni sahihi. Hakuna hata moja yenye kosa la mwanafunzi. Kinachozitenganisha ni dhana tuliyoanza nayo juu ya desturi ya watu wale, na dhana hiyo haitoki katika hisabati. Yatoka katika elimu ya jamii. Mwanahisabati anayesema "uwezekano ni kiasi fulani" bila kueleza amemdhania nini mtu wa Ishango, amesema nusu tu ya sentensi.

Kuna onyo lingine. Mfupa una namba 16. Namba 16 zaweza kuunganishwa mbili mbili kwa njia 120. Anayetafuta jumla, tofauti, maradufu na nusu katika jozi 120 za namba ndogo, hatakosa kuona kitu. Ndiyo maana swali la haki si "Je, kuna mpangilio?", bali "Je, mpangilio huu ulitajwa kabla ya kutazama, au ulipatikana baada ya kutafuta sana?"

Rai ya mwezi yaingia katika onyo hilo. Alexander Marshack wa Marekani, aliyeichunguza mikato kwa hadubini na kueleza maoni yake katika kitabu cha mwaka wa 1972, alidhani kwamba mfupa ni kalenda ya miezi sita ya mwandamo. Rai hiyo ina mvuto, kwa sababu wavuvi wana haja ya kuujua mwezi. Lakini mwezi mmoja wa mwandamo una siku 29 na nusu na kidogo zaidi. Miezi sita ni siku 177, na mikato ni 168. Siku tisa zilizopotea zahitaji maelezo, na kila maelezo yanayoongezwa yanaipunguzia rai nguvu.

4. Isimu: ushahidi mzuri mno

Tumefika kwenye elimu yetu wenyewe. Wapenzi wa Kiswahili wataona mara moja jambo ambalo mwanajiolojia hakuwa na sababu ya kuliona.

Safu ya kati yaanza na 3 na 6, kisha 4 na 8. Katika Kiswahili cha Kongo watu wengi husema "munane", na katika Kiswahili sanifu "nane". Wanaisimu wa lugha za Kibantu hulieleza neno hilo kuwa ni "nne" iliyorudiwa: nne na nne. Neno "sita" ni la Kiarabu, lakini Kiswahili cha zamani kilikuwa na "tandatu", neno linaloelezwa vilevile kuwa ni "tatu" iliyorudiwa. Kinyarwanda chasema "gatandatu" kwa 6 na "umunani" kwa 8. Kigikuyu cha Kenya chasema "ithathatu" na "inyanya". Hata vidole hukubali: mtu aweza kuonyesha 8 kwa vidole vinne vya kila mkono, na 6 kwa vitatu vya kila mkono.

Ni nani asiyevutwa? Mfupa wasema 3, 6, 4, 8, na vinywa vya mamilioni ya watu vyasema tatu, tatu-tatu, nne, nne-nne. Kwa mwanafunzi wa lugha huo ni ushahidi mtamu kupita kiasi, na mtu angeweza kuandika makala nzima ya kudai kwamba mchongaji wa Ishango alihesabu kama babu zetu walivyohesabu.

Makala hiyo ingekuwa ya makosa. Lugha za Kibantu zilianza kuenea kutoka eneo lililo mpakani mwa Nigeria na Kamerun ya leo miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, na zilifika kwenye Maziwa Makuu baadaye kuliko hapo. Mfupa una miaka 20,000 au zaidi. Mchongaji wake hakusema Kibantu; lugha aliyosema hatuijui, na hatuna njia ya kuijua. Zaidi ya hayo, hata katika lugha za Kibantu zilizo karibu na eneo hilo, kurudia hakupatikani kila mahali: Kiganda chasema "mukaaga" kwa 6, neno lisilotokana na tatu. Kama maneno ya leo yangekuwa urithi wa Ishango, tungetazamia urithi huo uwe imara zaidi karibu na Ishango, lakini sivyo.

Je, ulinganisho huo hauna faida yoyote? Unayo, lakini ya aina nyingine. Unaonyesha kwamba kurudia namba ni njia iliyo wazi kwa kila binadamu mwenye mikono miwili. Watu wa mbali, wasiorithiana neno, waweza kuifikia. Kwa hiyo 3 na 6, 4 na 8 juu ya mfupa haziwi muujiza, wala haziwi upuuzi: ni jambo ambalo mtu mwenye kuhesabu angeweza kulifanya. Isimu, badala ya kuwa shahidi wa nasaba, imekuwa shahidi wa uwezekano. Ushahidi huo ni mnyonge kuliko ule tuliotamani, lakini ni wa kweli.

Mkosoaji naye asikilizwe. Wapo waliosema kwamba mikato ilikatwa ili mkono usiteleze tu, na mwaka wa 2010 Mfaransa Olivier Keller aliandika kwa ukali dhidi ya nadharia zote za hisabati ya Ishango. Rai ya mshiko yaweza kupimwa: mikato ya mshiko ingetazamiwa kuzunguka mahali pa kushika, na kuchakaa kwa namna fulani. Lakini nayo ina mzigo wake wa kueleza: kwa nini mafungu yameachana wazi, na kwa nini marefu yamewekwa ubavuni na mafupi katikati? Anayekana ana deni la hoja sawasawa na anayedai.

5. Yanayojulikana na yanayokisiwa

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi wetu, tukiyagawa maarifa kwa daraja zake.

Yanayojulikana: kwamba mfupa ulichongwa na binadamu kwa makusudi, kwamba mikato imepangwa kwa mafungu na kwa safu, kwamba watu hao walikuwa wavuvi hodari wenye vyusa vya ufundi, na kwamba waliishi miaka 20,000 au zaidi iliyopita.

Yanayoelekea kuwa kweli: kwamba mikato ilihesabu kitu fulani. Mtu aliyekata mafungu 16 ya ukubwa tofauti, akayatenga, akayapanga, hakuwa anacheza tu na kisu.

Yasiyothibitishwa: kwamba alizijua namba tasa, kwamba alihesabu kwa kumi au kwa kumi na mbili, kwamba aliufuata mwezi, na kwamba maarifa yake yalifika Misri.

Kiswahili chenyewe chatusaidia kushika tofauti hiyo, kwa kuwa kina kitenzi "kuhesabu" na kina pia jina "hisabati", yote mawili ya asili moja ya Kiarabu. Kuhesabu ni kulinganisha vitu na alama moja baada ya moja. Hisabati huanza pale mtu anapoziuliza namba zenyewe maswali, bila kujali kama ni za samaki au za siku. Ishango yatuonyesha la kwanza kwa nguvu. La pili yatuachia mlango wazi, bila kutuingiza.

Na wale wanaohofia kwamba fahari imepungua, watazame kilomita chache tu kutoka Ishango, ukifuata Semliki, mahali paitwapo Katanda. Mwaka wa 1995 Alison Brooks, John Yellen na wenzao walitangaza vyusa vya mfupa vya huko, vilivyokutwa pamoja na mifupa ya kambare wakubwa, ambavyo walivikadiria kuwa na umri wa miaka 90,000 hivi. Umri huo ulijadiliwa sana, kwa sababu vyusa vya namna hiyo katika Ulaya ni vya baadaye mno. Lakini haukutokana na kaboni, ambayo haiwezi kufika mbali hivyo. Ulipimwa kwa njia kadhaa zisizotegemeana, zikiwemo zile za mchanga na za meno ya viboko. Ndiyo kusema mashahidi walikuwa wengi kweli, si mmoja mwenye kanzu nyingi.

6. Hitimisho

Shule ya kikoloni ilimfundisha Mwafrika kwamba hakujua kuhesabu hadi alipofundishwa. Ni haki basi kwamba mfupa wa Ishango umependwa na watu wetu. Lakini dai tusiloweza kulithibitisha ni silaha inayoweza kunyang'anywa na adui wakati wowote: siku mgeni mwerevu atakapoonyesha ile hesabu ya 1 kwa 5, kijana aliyefundishwa namba tasa peke yake ataaibika, na katika aibu yake atatupa hata yale yaliyo ya kweli. Tumfundishe kwanza hesabu hiyo sisi wenyewe. Atasimama imara zaidi.

Mfupa uko Bruxelles, na wengi wetu hatutauona ila kwa picha. Lakini mengi yanayohitajiwa ili kuuelewa hayako Bruxelles. Konokono wa Ziwa Edward wako ziwani. Maneno ya kuhesabia na ishara za vidole za wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge hayakai katika kabati la makumbusho. Yamo vinywani na mikononi mwa wenye nayo, na mengine hupotea kila mzee anapozikwa. Kukata mikato juu ya mfupa wa mbuzi kwa jiwe lenye makali, kisha kuushika kila siku kwa mwaka mzima ili kuona unavyochakaa, ni kazi ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifanya bila maabara ya gharama.

Kinachokosekana zaidi ni mazungumzo. Kitivo cha sayansi na kitivo cha elimu za jamii mara nyingi hutenganishwa na ua mmoja tu, lakini mwanafunzi aweza kumaliza miaka yake yote bila kuuvuka. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wazee. Wakati mwingine mwanafunzi atakapouliza "Tumejuaje?", mwalimu wa hisabati asimtume kwa wa historia, wala wa historia kwa wa jiolojia. Waketi wote watatu pamoja, na mwalimu wa lugha awe kati yao, wamweleze kila mmoja anachojua, na mahali hasa maarifa yake yanapokoma.